Ligi ya Besiboli Iliyodumu Siku 80

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukimjibu msomaji wa Uyole aliyeuliza kwa nini timu za Mbeya huchoka mifuko kabla ya kuchoka miguu, tulitaja kwa sentensi moja ligi ya besiboli ya mwaka 1979 ambayo iliangushwa na nauli za ndege. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko jibu lenyewe. Tumechagua sita na kuzifupisha bila kugusa maana yake, na kwa kuwa zote zinahusu jambo moja, safu nzima ya toleo hili tumeiacha iwe ya ligi hiyo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mlisema ligi hiyo ilihusisha nchi kadhaa. Naomba mtaje ilikuwa ligi gani, timu zake zilikuwa zipi, na ilianza na kufa lini. Msinihesabu miongoni mwa wanaoujua mchezo wenyewe. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu.
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Ndugu yetu wa Mafinga, mchezo wenyewe tuupitie haraka. Kila timu ina wachezaji 9. Mrushaji wa upande mmoja humrushia mpira mpigaji wa upande wa pili anayesimama na gongo; mpigaji akiupiga vizuri hukimbia kupitia vituo 3, na akifanikiwa kurudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Kila upande hupewa zamu 9 za kupiga. Jambo la kushika kwa ajili ya majibu yanayofuata ni kwamba besiboli ya kulipwa huchezwa karibu kila siku, jioni baada ya jioni, kwa miezi mitano au zaidi. Si mchezo wa mwisho wa wiki.

Ligi unayoiulizia iliitwa Inter-American League. Ilikuwa na timu 6: Amigos ya Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, Metropolitanos ya Caracas na Petroleros ya Zulia, ambayo makao yake yalikuwa Maracaibo, zote mbili za Venezuela, Azucareros ya Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, Banqueros ya Panama, na Boricuas ya Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Mwanzilishi wake alikuwa Bobby Maduro, Mkuba aliyekuwa akiishi uhamishoni, ambaye habari zake tutazirudia hapa chini kwa kuwa bila yeye ligi hii haieleweki.

Michezo ilianza tarehe 11 Aprili 1979. Wazee wetu wanaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine kabisa, kwani ndiyo siku ambayo Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania, na si ajabu kwamba habari za besiboli ya Karibi hazikupata nafasi katika magazeti yetu. Kila timu ilipangiwa michezo 130. Katikati ya Juni timu za Panama na Puerto Rico zilikuwa zimekwisha kujitoa, na tarehe 30 Juni ligi yote ikafungwa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimesoma kwamba ligi hiyo ilikuwa “ligi ndogo” na papo hapo ilipewa daraja la AAA, ambalo naambiwa ni la juu. Ligi inawezaje kuwa ndogo na ya juu kwa wakati mmoja? Je, bingwa wake angepanda kwenda ligi kuu?
*Mwanafunzi wa chuo, Iringa*

JIBU: Marahaba. Swali lako ndilo lililobeba ufunguo wa mambo yote, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Bingwa wake asingepanda. Katika mpira wetu wa miguu, Njombe Mji iliweza kupanda Ligi Kuu mwaka 2017 na kushuka mwaka 2018, kwa sababu kinachopanda na kushuka ni timu. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi wala haishuki. Anayepanda ni mchezaji. Juu kabisa zipo ligi kuu mbili, National League iliyoanzishwa mwaka 1876 na American League iliyojitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901, ambazo mabingwa wake hukutana kila mwaka katika fainali iitwayo World Series. Chini yake ndipo zilipo ligi ndogo, zilizopangwa kwa madaraja, na daraja la AAA liko hatua moja tu chini ya ligi kuu. Kwa hiyo ligi ya Maduro ilikuwa ndogo kwa kuwa haikuwa mojawapo ya zile mbili, na ilikuwa ya juu kwa kuwa miongoni mwa ndogo hakukuwa na daraja lililoizidi.

Zamani timu za ligi ndogo zilikuwa biashara zinazojitegemea. Zilisajili vijana, zikawakuza, zikawauza kwa timu kubwa na kuishi kwa fedha hizo pamoja na viingilio. Kuanzia miaka ya 1920 Branch Rickey, aliyekuwa akiiongoza St. Louis Cardinals, alibadili utaratibu huo kwa kuzinunua au kuzifunga kwa mkataba timu ndogo nyingi, ili vijana wakue ndani ya mikono ya Cardinals badala ya kununuliwa kwa bei kubwa baadaye. Wengine wakamwiga. Baada ya Vita Kuu ya Pili ligi ndogo zilifurika hata mwaka 1949 zikakaribia 60. Kisha televisheni ikaingia majumbani, watu wakaanza kutazama ligi kuu wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, na ligi ndogo zikafa moja baada ya nyingine. Mwaka 1963 madaraja yalipangwa upya, na zilizobaki zikawa karibu zote zinaishi kwa kutegemea timu kubwa.

Kutegemea huko kuna maana moja ya kifedha ambayo ungeikariri ungekuwa na mtihani: timu kubwa ndiyo inayolipa mishahara ya wachezaji na makocha wa timu ndogo. Mwenye timu ndogo hubaki na kazi ya kuuza tiketi, kuuza vyakula na vinywaji, kutunza uwanja na kutafuta wadhamini. Mzigo mzito zaidi haumhusu.

Sasa tazama mwaka 1979. Ligi kuu mbili zilikuwa na jumla ya timu 26, na kila moja kati ya hizo 26 ilikwisha kuwa na timu yake ya daraja la AAA katika ligi tatu za Marekani na Kanada: International League, American Association na Pacific Coast League. Hakuna aliyebaki bila mshirika. Ligi ya Maduro ilikubaliwa na chama kilichosimamia ligi ndogo zote, ikapewa daraja la juu kabisa, lakini hakuna timu hata moja kati ya sita iliyokuwa na mlezi wa kulipa mishahara. Kila mchezaji, kuanzia mrushaji wa kwanza hadi yule wa akiba asiyeingia uwanjani, alilipwa na mwenye timu kutoka mfukoni mwake.

Kutoka hapo utaelewa pia wachezaji walitoka wapi. Walikuwa ni wale ambao timu 26 zilikwisha kuwaacha: wakongwe waliowahi kucheza ligi kuu, vijana waliokatwa wakiwa bado na imani, na wenyeji wa Karibi ambao hakuna wakala aliyewafikia.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu na nimeona mengi katika uongozi wa michezo. Mtu anayeanzisha ligi ya nchi nne na kuiacha ife ndani ya miezi mitatu, kwangu ni tapeli au ni mwenye ndoto asiyejua hesabu. Huyo Maduro alikuwa yupi kati ya hao wawili?
*Mstaafu, Mbeya Mjini*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kwa kadiri historia inavyomwonyesha, hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mtu aliyewahi kufanya karibu jambo hilohilo likafanikiwa, akanyang'anywa na siasa, naye akajaribu kulirudia akiwa na umri wa miaka 60 na ushee.

Roberto Maduro alitoka katika familia tajiri ya Havana. Mwaka 1946 yeye na mshirika wake Miguel Suárez walifungua uwanja mkubwa wa besiboli katika mji huo, uwanja ambao upo hadi leo ukiitwa Estadio Latinoamericano. Mwaka 1953 aliinunua timu ya Havana Cubans, na mwaka 1954 akaingia na timu mpya, Havana Sugar Kings, katika International League, ligi ya daraja la AAA ambayo timu zake nyingine zilikuwa za miji ya Marekani na ya Kanada, kama Toronto na Montreal. Kaulimbiu ya timu hiyo ilikuwa ahadi kwamba imebaki hatua moja tu wafike, yaani Havana ipate siku moja timu ya ligi kuu. Haikuwa majigambo matupu. Sugar Kings ilishirikiana na Cincinnati, na kupitia kwake walipita wachezaji kama Leo Cárdenas, Mike Cuéllar na Cookie Rojas, ambao baadaye walifahamika Marekani nzima.

Kisha yakaja mapinduzi ya Januari 1959. Usiku wa kuamkia 26 Julai mwaka huo, Sugar Kings ilikuwa ikicheza na Rochester Red Wings na mchezo ukavuka saa sita usiku, wakati ambapo watu walianza kusherehekea siku kuu ya harakati za Fidel Castro kwa kufyatua risasi hewani. Risasi zikaanguka uwanjani. Moja ilimparuza Cárdenas begani. Nyingine ilimpiga Frank Verdi wa Rochester kichwani, naye alinusurika kwa sababu alikuwa amevaa kinga ya plastiki ndani ya kofia yake. Rochester waliondoka Kuba bila kumaliza michezo iliyobaki.

Pamoja na hayo, mwaka huohuo Sugar Kings ilitwaa ubingwa wa ligi yake na kwenda kukutana na Minneapolis Millers katika fainali ya mabingwa wa ligi ndogo. Baridi ya Minnesota ilikuwa kali mno hata ikaamuliwa kwamba baada ya michezo miwili ya kwanza, yote iliyobaki ichezwe Havana, ambako Castro mwenyewe alihudhuria na askari wenye bunduki walijaa uwanjani. Havana ilishinda michezo 4 kwa 3. Hiyo ndiyo ilikuwa kilele cha maisha ya Maduro katika mchezo huu.

Julai 1960, katikati ya msimu, wakati serikali ya Kuba ilipokuwa ikitaifisha mali za Wamarekani, uongozi wa International League uliihamisha timu hiyo kutoka Havana na kuipeleka Jersey City. Sisi wa Nyanda za Juu tunajua kidogo uchungu wa jambo hilo, kwani watu wa Mbarali waliishuhudia Ihefu yao ikihamia Singida na kubadilishwa jina. Tofauti ni kwamba Maduro alipoteza timu, uwanja, biashara na nchi kwa mpigo. Msimu wa 1960–61 ukawa wa mwisho kwa besiboli ya kulipwa nchini Kuba.

Uhamishoni alifanya kazi katika ofisi ya kamishna wa ligi kuu, Bowie Kuhn, akishughulikia uhusiano na nchi za Amerika ya Kilatini. Ni kazi iliyomfundisha nani ni nani kuanzia Caracas hadi Santo Domingo, na ndiyo sababu mwaka 1979 aliweza kupata wenye timu katika miji sita. Alifariki mwaka 1986, na mwaka uliofuata uwanja ambao Amigos walikuwa wakiutumia Miami ulipewa jina lake.

Mzee wetu, kama kuna lawama ya kumtupia, sisi tungeiweka hapa: mafanikio yake ya Havana yalipatikana akiwa timu moja ya mbali ndani ya ligi iliyokwisha kusimama, yenye timu zilizokaa karibukaribu. Timu saba zilisafiri mbali kidogo kumfuata yeye. Mwaka 1979 alitengeneza ligi ambayo kila timu ilikuwa Havana.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa mazao, na lugha ninayoielewa ni ya faida na hasara. Niambieni hesabu ilikataa wapi. Isijekuwa watu wa huko hawakuupenda tu mchezo wenyewe, mkatupia ndege lawama.
*Mfanyabiashara, Makambako*

JIBU: Tuliondoe kwanza hilo la kutopenda, kwa sababu halina msingi. Hizo ni nchi ambazo besiboli ndiyo mchezo wa kila uchochoro. Venezuela ilikuwa na Luis Aparicio. Jamhuri ya Dominika ilikuwa na Juan Marichal. Panama ilikuwa na Rod Carew, ambaye mwaka 1977 alipata wastani wa kupiga wa .388, yaani alifaulu karibu mara 39 katika kila majaribio 100, kiwango ambacho wapigaji wengi hawakigusi maisha yao yote. Na Puerto Rico ilikuwa bado inamlilia Roberto Clemente, aliyekufa tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege alipokuwa akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Walaji walikuwepo.

Tatizo ni kwamba walaji hao walikuwa wamekwisha kushiba. Venezuela, Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico zilikuwa na ligi za kipupwe, yaani za majira ya baridi ya Marekani, zinazoanza Oktoba na kumalizika Januari, ambazo ndizo zilizowarudisha nyumbani nyota wao baada ya msimu wa Marekani kuisha. Shabiki wa Caracas au Santo Domingo alizoea kumwona mchezaji wa ligi kuu wa taifa lake akicheza mbele ya macho yake katika majira makavu. Aprili hadi Septemba nyota hao walikuwa Marekani kazini, na aliyeletewa uwanjani alikuwa mtu ambaye hakuna timu iliyomtaka. Isitoshe, majira hayo ndiyo ya mvua katika sehemu kubwa ya Karibi na Panama. Mchezo unaoahirishwa kwa mvua hauuzi tiketi, lakini hoteli ya wageni inalipwa vilevile, na mishahara haisubiri jua.

Sasa tuingie kwenye hesabu yako. Michezo 130 dhidi ya wapinzani 5 ni michezo 26 kwa kila mpinzani, ikiwa ratiba imegawanywa sawasawa, na nusu yake ni ya ugenini. Hata ukikaa kwa mwenyeji siku nne na kucheza mfululizo, bado utasafiri kila wiki kwa miezi mitano. Kutoka Miami hadi Caracas ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa njia ya anga. Hadi Panama ni karibu 1,850. Hadi San Juan ya Puerto Rico ni karibu 1,700. Timu yetu inayotoka Uwanja wa Sokoine kwenda Dar es Salaam hukata kilomita 830 hivi na inapokosa fedha hupanda basi, hata kama ni kulala njiani na kuushuka mlima Kitonga usiku. Kati ya timu za ligi ile, ni Caracas na Maracaibo tu zilizoweza kutembeleana kwa barabara bila taabu. Wengine wote walitenganishwa na bahari, na baharini hakuna basi. Kwa hiyo gharama ambayo mwenye timu nyingine angeibana wakati wa dhiki, wao hawakuweza kuibana hata kidogo: ama mnalipa tiketi za ndege za watu zaidi ya 20, ama hamchezi.

Wala 1979 haukuwa mwaka wa kununua tiketi za ndege. Mapinduzi ya Iran ya mwanzoni mwa mwaka yalipandisha bei ya mafuta duniani kote, jambo ambalo wenye magari hapa kwetu waliliona pia kwenye vituo vya mafuta. Tarehe 25 Mei ndege aina ya DC-10 ilianguka Chicago, na kuanzia 6 Juni ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka Marekani kwa wiki kadhaa, viti vikapungua sokoni katika majira ya likizo. Ongeza viza na ukaguzi wa mipakani kwa kundi lenye pasipoti za nchi tofauti, ongeza mapato yanayoingia kwa bolívar huku na peso kule, wakati wachezaji wa Marekani wanadai dola.

Hayo yote yangeweza kuvumilika kwa muda kama mtaji ungekuwa mnene. Kwetu sisi, kiini cha mambo ni lile tulilomweleza mwanafunzi wa Iringa: mishahara ilikuwa juu ya wenye timu. Timu ya AAA yenye mlezi ikikosa watazamaji mwezi mzima, mwenye timu anapata hasara ya viingilio. Timu ya Maduro ikikosa watazamaji mwezi mzima, mwenye timu anapata hasara ya viingilio, na mwisho wa mwezi wachezaji wanasimama mlangoni.

Halafu angalia jinsi anguko la mmoja lilivyowaburuza wengine. Panama na Puerto Rico zilipojitoa, kila timu kati ya nne zilizobaki ilipoteza wapinzani wawili, yaani michezo 52 kati ya 130, na 26 kati ya hiyo ilikuwa ya nyumbani, ambayo ndiyo yenye mapato. Hakuna mwenye duka anayeendelea kulipa kodi ileile baada ya kuambiwa afunge siku mbili kati ya kila tano. Baada ya hapo ligi ilidumu chini ya wiki tatu.

Na hata kama wangevuka Juni, tarehe 31 Agosti mwaka huo Kimbunga David kiliipiga Jamhuri ya Dominika na kuua watu zaidi ya 2,000. Ratiba ya Santo Domingo ingekwisha siku hiyo, ligi iwepo isiwepo.

SWALI: Naomba kujua habari za kiufundi. Ni timu gani ilikuwa bora, na je, kuna aliyetoka katika ligi hiyo akafika mbali?
*Mwalimu wa michezo, Tukuyu*

JIBU: Mwalimu, hapa hakuna ubishi. Miami Amigos walishinda michezo 51 na kupoteza 21, na wakati ligi inavunjwa walikuwa wamewaacha wengine mbali sana. Meneja wao alikuwa Davey Johnson, mwenye miaka 36, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuongoza timu. Alikuwa mchezaji wa kituo cha pili wa Baltimore Orioles iliyotwaa World Series mwaka 1966 na 1970. Mwaka 1973, akiwa Atlanta, alipiga mipira 43 ya kuvuka uzio, idadi iliyowashangaza wote kwa mchezaji wa nafasi hiyo. Kisha akacheza misimu miwili nchini Japani na Yomiuri Giants. Alisoma hisabati chuo kikuu, na alijulikana kwa kutumia kompyuta kupanga wapigaji wake enzi ambazo mameneja wengine waliicheka.

Miaka saba baada ya Amigos kuvunjika, Johnson aliiongoza New York Mets kutwaa World Series ya mwaka 1986. Ni mwaka uleule ambao Tukuyu Stars yenu ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na tunaamini hatuna haja ya kumweleza mwalimu wa Tukuyu habari hizo. Mwingine ni mrushaji Porfirio Altamirano wa Nicaragua, aliyeingia ligi kuu na Philadelphia mwaka 1982.

Wapo wanaosema kwamba ubora wa Miami ulichangia kuiua ligi, kwa kuwa ushindani uliisha mapema. Huenda ni kweli kidogo. Lakini Amigos wenyewe, pamoja na ushindi wote huo, hawakuweza kuujaza uwanja wao, ambao waliutumia pamoja na Miami Orioles ya daraja la chini zaidi; mji ulikuwa na besiboli nyingi kuliko watu wa kuitazama.

SWALI: Je, ligi za namna hiyo zilizokufa changa ni nyingi? Na mnaonaje, Afrika Mashariki tungeweza kuwa na ligi ya klabu ya nyumbani na ugenini, au tungeishia kama wao?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Ni nyingi mno, na baadhi hazikucheza hata mchezo mmoja. Continental League ilitangazwa Julai 1959 na mwanasheria William Shea, na Branch Rickey yuleyule akawa rais wake. Ikavunjwa Agosti 1960 kabla ya mpira kurushwa, baada ya ligi kuu kukubali kuongeza timu, na New York Mets ya mwaka 1962 ni tunda la shinikizo hilo. Hiyo ilikufa ikiwa imepata ilichokuwa inakitaka. Global League ya mwaka 1969, ya Walter Dilbeck wa Indiana, ilikusudia kuunganisha Marekani, Japani na Karibi. Ilianza kucheza Venezuela, ikaishiwa fedha ndani ya wiki chache, na wachezaji wa timu ya Tokyo wakakwama Caracas na deni la hoteli. Maduro hakukosa onyo, na onyo lenyewe lilitoka katika nchi ambayo miaka kumi baadaye aliiwekea timu mbili.

Kuhusu Afrika Mashariki, nchi za Karibi zilikuwa na jibu tangu mwaka 1949, na inashangaza kwamba halikufuatwa. Mabingwa wa ligi zao za kipupwe hukutana katika mashindano yaitwayo Serie del Caribe. Hawatembeleani. Wote huenda mji mmoja, hucheza kwa siku chache, na kurudi makwao, kila timu ikiwa imelipia safari moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mashindano hayo yalikatika baada ya mwaka 1960, Kuba ilipoacha besiboli ya kulipwa, yakafufuliwa mwaka 1970 na kuendelea. Yaani yalikuwepo, na yalikuwa hai, katika mwaka uleule ambao ligi ya Maduro ilikufa, kwa nyingi kati ya nchi zilezile na mashabiki walewale. Kombe la Kagame la CECAFA nalo huendeshwa hivyo: klabu za ukanda wetu hukusanyika katika nchi moja kwa wiki mbili hivi.

Kwa hiyo ligi ya klabu ya nyumbani na ugenini, kutoka Mbeya hadi Khartoum na Asmara, kwa maoni yetu isianzishwe mpaka awepo wa kulipa nauli ambaye si klabu zenyewe, na fedha hizo ziwe zimewekwa benki kabla ratiba haijachapishwa. Kwa sasa klabu ya Njombe au Iringa inayotaka kukutana na wageni ingeanza na majirani wanaofikika kwa basi: Lilongwe na Blantyre kupitia Kasumulu, au Ndola na Lusaka kupitia Tunduma.